Tiketi ya pointi si ya bure: Jinsi ya kuwafikisha wajukuu kwa bibi bila kuingia kwenye deni

KILA ifikapo Oktoba, simu kutoka Moshi, Tanga au Bukoba huwa na swali moja: mwaka huu mnakuja?

Kwa familia inayoishi Marekani swali hilo si dogo. Baba, mama na watoto wawili wakikata tiketi za Desemba kwa fedha zao wanaweza kulipa kiasi ambacho nyumbani kingejenga msingi wa nyumba na kubaki. Ndiyo maana miaka inapita. Mtoto aliyeondoka akibebwa mgongoni sasa yuko darasa la tatu, na bibi anamjua kwa sura ya kwenye WhatsApp tu.

Wakati huohuo, kwenye simu ya mama yuleyule kuna programu ya benki inayoonyesha kwamba kadi yake ya mkopo ina pointi laki moja na themanini. Hajui zina thamani gani. Wapo wanaozibadilisha kuwa vocha za dukani, wapo wanaopunguzia bili ya mwezi, na wapo wanaoziacha zikae tu kama mahindi ghalani, wakidhani yatakuwepo siku zote. Panya wa ghala hilo wapo, na watatajwa.

Kwanza ieleweke kadi inayozungumziwa hapa. Si kadi ya kutolea fedha benki. Kadi ya mkopo hukufanya ununue leo kwa fedha za benki, kisha mwisho wa mwezi unaletewa bili. Kwa kila dola unayotumia, benki hukupa pointi moja au zaidi. Mchezo wa maili wenyewe ni wa siku nyingi: American Airlines ilianzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, mashirika mengine yakafuata, na baadaye benki zikaingia.

Leo kadi hizo ziko za namna mbili. Ipo inayofungwa na shirika moja la ndege, ambayo maili zake haziendi kwingine. Na ipo ambayo pointi zake hubaki benki hadi utakapoamua kuzihamishia shirika gani. Za aina hii ya pili ni kama za American Express, Chase, Capital One na Citi. Kwa mzazi anayetaka kwenda Afrika Mashariki, hii ya pili ndiyo yenye faida, kwa sababu hakuna anayejua mapema ni shirika gani litakuwa na viti vinne siku anayoitaka.

Kabla ya pointi, deni

Hapa ndipo wengi huumia, na ni heri lisemwe mapema kuliko mwisho. Riba ya kadi za mkopo Marekani kwa wastani imepita asilimia 20 kwa mwaka. Mzazi asiyelipa bili yote kila mwezi hana pointi, ana deni lenye mapambo.

Piga hesabu. Umetumia dola 5,000 na umepata pointi 5,000. Ukizitumia vizuri sana, pointi hizo zina thamani ya kama dola 100. Lakini deni hilo la dola 5,000 likibaki kwenye kadi yenye riba ya asilimia 22, mwezi mmoja tu unakula karibu dola 92. Mwezi wa pili umeshapita faida yote, na bado hujapanda ndege.

Kwa hiyo familia yenye deni la kadi linalotembea mwezi hadi mwezi isisome zaidi ya hapa kwa sasa. Ilipe deni kwanza. Safari ya nyumbani inaweza kusubiri mwaka mmoja. Riba haisubiri hata siku.

Mtego mwingine unawahusu zaidi watu wetu: kutuma fedha nyumbani kwa kadi ya mkopo. Kadi nyingi huhesabu muamala huo kama kuchukua fedha taslimu. Maana yake unatozwa ada, riba huanza siku hiyohiyo bila kungoja bili, na pointi hupati. Ada ya shule ya mdogo wako na dawa za baba zitumwe kutoka kwenye akaunti ya kawaida.

Pointi moja ni senti ngapi?

Swali hili ndilo linalotenganisha anayefaidi na anayepoteza. Njia ya kulijibu ni fupi. Chukua bei ya tiketi kwa fedha. Toa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia maili, maana tiketi ya maili nayo hulipiwa kodi. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya maili zinazodaiwa.

Tuchukue familia ya mfano inayoishi Silver Spring, Maryland, bibi akiwa Moshi. Watoto wana miaka 7 na 4. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi Kilimanjaro mwezi Juni ni dola 1,600 kwa mtu, na kwa maili ni 70,000 pamoja na kodi ya dola 300. Namba hizi ni za kufundishia, zako utazikuta kwenye tovuti siku utakayotafuta. Dola 1,600 toa 300 ni 1,300. Gawa kwa 70,000, unapata karibu senti 1.9 kwa kila maili.

Sasa linganisha na njia nyingine. Pointi za American Express zikitumiwa kupunguzia bili kwa kawaida huhesabiwa senti 0.6 tu kila moja. Za Chase zikigeuzwa kuwa fedha ni senti 1. Vocha za dukani mara nyingi hazizidi hapo. Kwa hiyo pointi zilezile zinaweza kuwa na thamani mara tatu kwa kubadilisha mlango wa kutokea tu.

Lakini hesabu hiyo hukata pande zote mbili, na hili wataalamu wa kuuza kadi hawalisemi sana. Tuseme ni Februari, na shirika limeshusha bei hadi dola 1,000, huku maili zikibaki 70,000 na kodi 300. Hapo kila maili ni senti 1. Mwenye dola 1,000 mkononi alipe fedha, atunze pointi. Kutumia pointi kwa sababu zipo tu ni sawa na kuchinja jogoo siku ambayo dagaa wamejaa sokoni.

Watu wengine hupenda kujisifu kwamba wamepata senti 6 au 8 kwa pointi moja. Ukiangalia, wamekaa daraja la biashara, kiti kinacholala kama kitanda, kwenye tiketi ambayo kwa fedha zao wasingeinunua kamwe. Si vibaya. Ila kwa mzazi mwenye watoto wawili, pointi zinazomlaza baba peke yake zinaweza kutosha kuwakalisha wawili au watatu daraja la kawaida. Thamani halisi ni ile inayopimwa kwa fedha ambazo ungelazimika kuzitoa mfukoni.

Shirika lipi, njia ipi

Kutoka Marekani hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Tanzania. Kenya Airways huruka New York hadi Nairobi bila kutua tangu Oktoba 2018, na wengine wengi hupitia Ulaya, Uturuki, Ghuba au Addis Ababa. Kwa familia ya Silver Spring yenye uwanja wa Dulles karibu, njia tatu zinafaa kutazamwa kwanza.

Ya kwanza ni KLM na Air France, ambao mpango wao wa maili unaitwa Flying Blue. KLM hutoka Amsterdam hadi Kilimanjaro na Dar es Salaam. Benki zote nne zilizotajwa juu huruhusu pointi zao kuhamia Flying Blue, na hilo pekee linaipa uzito. Kubwa zaidi kwa wazazi ni kwamba Flying Blue hupunguza asilimia 25 ya maili kwa mtoto wa miaka 2 hadi 11. Mipango mingi humtoza mtoto wa miaka minne sawasawa na baba yake mwenye kilo tisini.

Turudi kwenye mfano wetu. Wazazi wawili ni maili 140,000. Watoto wawili, kwa punguzo hilo, 105,000. Jumla 245,000, na kodi dola 1,200. Kwa fedha safari nzima ingekuwa dola 6,400, kwa hiyo maili zimeokoa dola 5,200. Pointi hizohizo 245,000 zingetumika kupunguzia bili kwa senti 0.6, familia ingeona dola 1,470. Tofauti ya dola 3,730 ni zawadi za ukoo mzima na nauli za ndani, na bado chenji inabaki.

Flying Blue pia huruhusu familia kuchangia maili katika kapu moja, watu hadi 8, watoto wakiwemo. Kila mwezi hutoa njia chache zenye punguzo. Afrika Mashariki haimo mara nyingi, lakini kuangalia hakulipiwi.

Njia ya pili ni Ethiopian, inayotoka Dulles na kuunganisha Addis Ababa kwenda Kilimanjaro, Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Mombasa, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Ethiopian imo katika muungano wa Star Alliance tangu 2011, kwa hiyo kiti chake kinaweza kukatwa kwa maili za United, ambazo hupatikana kutoka pointi za Chase, au kwa maili za Aeroplan ya Air Canada, ambazo hupatikana kutoka Chase, American Express na Capital One. Faida yake ni kwamba United na Aeroplan haziongezi ile tozo ya mafuta ambayo mashirika mengine huipachika kwenye tiketi ya maili. Familia ya watu wanne huiona tofauti hiyo haraka. Tena mwenye mtoto chini ya miaka miwili anayepakatwa, Aeroplan humtoza pointi 2,500 au dola 25 za Kanada kwa safari ya upande mmoja. Mipango mingine mingi hutoza asilimia 10 ya nauli ya fedha, na kwa tiketi ya bei kubwa hiyo si ndogo.

Njia ya tatu ni ya Ghuba na Istanbul: Qatar Airways, Emirates na Turkish. Ni mashirika mazuri na watoto huyapenda kwa filamu na vikatuni. Ila Emirates inafaa kuwa funzo la panya wa ghalani. Kwa miaka mingi pointi 1,000 za American Express zilikuwa maili 1,000 za Emirates. Mwaka 2025 zikawa 800. Hakuna aliyeulizwa. Aliyekuwa amejiwekea pointi 250,000 kwa ajili ya safari ya Dar es Salaam kupitia Dubai aliamka akiwa na safari ya watu pungufu.

Ndivyo maili zilivyo: hazizai riba kama akiba ya benki, hupungua tu. Shirika linaweza kupandisha bei ya kiti kwa maili wakati wowote. Kwa hiyo pointi za kutosha safari moja zisafiri. Kuzirundika miaka sita kwa ajili ya siku watoto watakapokuwa wakubwa ni kumfanyia kazi mtu mwingine.

Viti kwanza, kuhamisha baadaye

Kosa linaloumiza kuliko yote hutokea kwa dakika moja. Mzazi anasikia Flying Blue ni nzuri, anahamisha pointi zote 245,000 usiku huohuo, kisha anaanza kutafuta viti. Anakuta hakuna. Na pointi zikishatoka benki kwenda shirika la ndege hazirudi.

Utaratibu uwe kinyume. Fungua akaunti ya bure ya shirika, tafuta viti vya watu wote wanne kwa tarehe mnayoitaka, hakikisha vinaonekana hadi ukurasa wa kulipa, ukitilia shaka piga simu shirika. Ndipo uhamishe, na uhamishe kiasi kile kile kinachohitajika. Baadhi ya benki na mashirika hukamilisha kwa sekunde, mengine huchukua siku. Angalia pia kwamba jina kwenye akaunti ya benki na kwenye akaunti ya shirika ni moja. Aliyejiandikisha benki kwa jina la baba na shirika la ndege kwa jina la ukoo atakwama hapo.

Kupata viti vinne vya maili kwa ndege moja ndiyo kazi yenyewe. Shirika linaweza kutoa viti viwili kwa bei ya chini, na cha tatu na cha nne kikawa mara mbili. Ukitafuta watu wanne kwa pamoja, tovuti nyingi hukuonyesha bei ya juu kwa wote, na huambiwi kwamba viwili vilikuwa rahisi. Tafuta mtu mmoja kwanza, kisha wawili, kisha wanne, uone bei inabadilika wapi. Wakati mwingine inalipa kukata viwili kwa maili na viwili kwa fedha katika ndege ileile, kila mtoto akiwa kwenye tiketi ya mzazi mmoja. Ukifanya hivyo, pigia shirika simu waunganishe kumbukumbu za tiketi hizo mbili, la sivyo ndege ikifutwa baba na mmoja wa watoto wanaweza kupangiwa siku nyingine.

Halafu kuna Desemba. Kila anayetoka Kilimanjaro anaijua Desemba: mabasi yamejaa, barabara ya Moshi ina magari ya Dar es Salaam tupu, na kila mwenye mbege anatafuta pa kunywea na ndugu. Mashirika ya ndege nayo yanaijua. Ni wakati mbaya kuliko wote kutumia pointi, na likizo ya shule za Marekani ni ya wiki mbili hivi tu, siku nne kati ya hizo zikiishia njiani na kwenye usingizi wa mchana wa watoto ambao mwili wao bado uko Maryland.

Likizo ndefu ya huko huanza katikati ya Juni hadi mwishoni mwa Agosti. Julai ni msimu wa watalii wa Kilimanjaro na Serengeti, kwa hiyo bei hupanda nayo. Anayeondoka siku chache tu baada ya shule kufungwa, na katikati ya wiki badala ya Ijumaa, huwa na nafasi nzuri zaidi. Mashirika mengi hufungua tarehe karibu miezi 11 kabla. Kwa safari ya Juni, meza ya chakula ijadili mnamo Julai ya mwaka uliotangulia. Inaonekana ni mapema mno. Siyo.

Neno moja kuhusu nyaraka, kwa sababu tiketi ya miezi 11 mbele huzisahaulisha. Pasipoti ya Marekani ya mtoto aliye chini ya miaka 16 hudumu miaka 5 tu, na kwa kawaida wazazi wote wawili hutakiwa kuridhia inapoombwa. Tanzania hutaka pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Mtoto anayesafiri kwa pasipoti ya Marekani atalipiwa viza ya dola 100, na pointi haziilipi.

Na anayeendelea Mwanza au Bukoba akumbuke kwamba Air Tanzania haimo katika miungano mitatu mikubwa ya mashirika ya ndege. Tiketi hiyo hununuliwa pembeni. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kukungoja. Kulala usiku mmoja Dar es Salaam ni nafuu kuliko kununua tiketi nne upya kaunta, watoto wakilia.

Pointi zitoke wapi

Familia nyingi zikisikia maili 245,000 hukata tamaa. Zinapatikana, lakini si kwa kununua vitu visivyohitajika.

Sehemu kubwa hutoka kwenye zawadi ya kujiunga. Kadi nyingi humpa mteja mpya pointi 60,000 au zaidi akitumia kiasi fulani, mara nyingi dola 4,000 hadi 5,000 ndani ya miezi mitatu. Siri ni kuchagua miezi ambayo fedha zingetoka vyovyote vile: bima ya gari ya miezi sita, matairi, mahitaji ya shule Agosti. Mume akishamaliza yake, miezi kadhaa baadaye mke naye anaomba yake. Chase huruhusu kuunganisha pointi na mtu mmoja wa nyumba moja. Benki hiyo pia inajulikana kwa kuwakataa waombaji waliofungua kadi tano au zaidi ndani ya miezi 24, kwa hiyo papara haina faida.

Sehemu ya pili ni chakula. Kadi ya Gold ya American Express hutoa pointi 4 kwa kila dola kwenye maduka ya vyakula ya Marekani. Familia inayotumia dola 900 kwa mwezi hufikisha pointi 43,200 kwa mwaka, badala ya 10,800 za kadi ya kawaida. Ila Walmart na Target hazihesabiwi kama duka la vyakula kwenye kadi hiyo, na Costco, ambako ndiko wengi hubebea magunia ya mchele, haipokei American Express kabisa. Ada yake ya mwaka nayo ni dola 325. Kama manunuzi yako ni ya Costco na Walmart, kadi ya Chase Sapphire Preferred yenye ada ya dola 95 inaweza kukufaa zaidi. Aliye mgeni Marekani na bado hana historia ya mikopo asianze na hizi. Aanze na kadi ya dhamana, alipe vizuri mwaka mmoja.

Malezi ya watoto mchana ni bili kubwa na huvutia kuiweka kwenye kadi. Vituo vingi huongeza asilimia 3 kwa anayelipa kwa kadi. Kwa kila dola 100 unatoa dola 3 kupata pointi 100 zenye thamani ya dola 1 hadi 2. Acha, isipokuwa unatafuta kumalizia kiasi cha zawadi ya kujiunga.

Kuna pia ujanja wa shughuli. Mtu analipia ukumbi wa harusi na chakula kwa kadi yake, kisha anakusanya michango kwa wanakamati. Pointi zinakuja nyingi kwa siku moja. Michango, kila aliyewahi kuwa mweka hazina anajua, huja kwa mwendo wake. Asiyeweza kulipa ukumbi huo peke yake bili itakapofika asijaribu.

Kwenye makundi ya WhatsApp huzunguka pia matangazo ya watu wanaouza tiketi za bei ya kutupa zilizokatwa kwa maili za wengine. Mashirika ya ndege hukataza kuuza na kununua maili kwa njia hiyo. Yakigundua, hufunga akaunti na kufuta tiketi, na anayegundua ni abiria aliyesimama kaunta na mabegi manane.

Pointi za simu ya usiku

Lipo jambo ambalo wazazi wa ughaibuni hawapendi kulipigia hesabu. Simu ya saa tisa usiku. Baba amelazwa, au amekwisha kuondoka. Tiketi ya kesho kutwa kwa fedha inaweza kuwa mara mbili ya kawaida, na ni wakati ambao wengi huingia kwenye deni la kadi linalochukua miaka miwili kulimaliza.

Hapa pointi hufanya kazi kuliko mahali pengine popote. Kiti cha maili cha siku mbili mbele wakati mwingine hupatikana, hasa kwa mtu mmoja, na bei yake kwa maili si lazima ipande kama ya fedha. Ndiyo maana ni vyema familia isitumie zote. Kubakiza zinazotosha mtu mmoja kwenda na kurudi, zikiwa bado benki na hazijahamishiwa shirika lolote, ni busara. Baba na mama wote wajue nenosiri, na akaunti za Flying Blue na United ziwe zimeshafunguliwa, kwa sababu usiku ule hakuna mwenye utulivu wa kujaza fomu.

Mashirika makubwa ya Marekani yaliondoa ada ya kurudisha maili kwa tiketi nyingi zinazofutwa kabla ya safari. Kwa hiyo kiti kinaweza kushikwa mara habari mbaya inapoingia, na mgonjwa akipata nafuu maili zikarudi kwenye akaunti ya shirika.

Pointi hizo pia zinaweza kumkatia mtu mwingine tiketi. Zipo familia ambazo, badala ya watu wanne kwenda, humleta bibi mmoja kuja kumpokea mjukuu mchanga. Ni maili chini ya theluthi ya zile. Viza itangulie tiketi, kwa sababu ratiba ya ubalozi haifuati ratiba ya ndege.

Kwa walio nyumbani, neno "pointi" limezoeleka kusikika kama "bure". Mtoto wa Maryland akisema tiketi ameipata kwa pointi, wapo wanaoanza kuhesabu kwamba basi fedha alizookoa zipo mfukoni, na orodha ya maombi inarefuka. Aelezwe bibi mapema, tena kwa simu ya sauti na si ujumbe: kwamba kodi imelipwa dola 1,200, kwamba viti vimepatikana Juni na si Desemba, Jumatano na si Jumamosi, na kwamba ndege inatua Kilimanjaro usiku. Atauliza kama watoto wanakula ndizi. Hilo nalo lijibiwe kwa ukweli.